Upana wa Njia: Reli ya Shinyanga na Mageuzi ya Injini Zake

Fundi wa reli za mfano, zile ndogo zinazotandazwa juu ya meza ili zipitishe magari ya moshi yasiyozidi urefu wa mkono, huanza kazi yake kwa swali lile lile lililowakabili wajenzi wa reli za kweli: njia iwe na upana gani? Mambo mengine yote yaweza kungoja. Vilima hufinyangwa baadaye, stesheni hupakwa rangi baadaye, na injini isiyopendeza hufunguliwa ikaundwa upya. Lakini pau mbili za chuma zikiisha kupigiliwa, magurudumu yote yatakayokuja hayana budi kuzitii.

Katika kipimo cha 1 kwa 87, ambacho hupendwa zaidi na mafundi hao duniani, reli yenye upana wa milimita 1,435, itumikayo katika sehemu kubwa ya Ulaya na Marekani, huwakilishwa na njia ya milimita 16.5. Reli ya mita moja, ambayo ndiyo ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, huwakilishwa na njia ya milimita 12. Reli ya milimita 1,067, iliyoenea kusini mwa Afrika na ambayo ndiyo ya TAZARA, nayo huwakilishwa na njia hiyo hiyo ya milimita 12. Kwa maana tofauti ya milimita 67 iliyopo baina ya reli hizo mbili, ikigawanywa kwa 87, haifiki hata milimita moja. Basi juu ya meza gari la Shinyanga na gari la Mbeya hupita njia moja bila ugomvi. Katika nchi yenyewe jambo hilo haliwezekani, na kwa sababu ya milimita hizo 67 mizigo imeshushwa na kupakiwa upya mara zisizohesabika.

Hapo ndipo mfano mdogo unapomfundisha mwanafunzi wa historia jambo kubwa. Injini yaweza kugeuzwa mara nyingi katika uhai wake: ikabadilishiwa chakula, ikabadilishiwa dohani, ikabadilishiwa hata jina. Upana wa njia hugeuzwa kwa shida kubwa, au haugeuzwi kamwe. Historia ya reli ipitayo Shinyanga, tangu mwaka 1928 hata leo, ni ushahidi wa maneno hayo.

Upana wa mita moja haukuchaguliwa Shinyanga, wala haukuchaguliwa kwa ajili ya Shinyanga. Wajerumani waliutumia katika reli ya Tanga waliyoianza katika miaka ya 1890, na Waingereza nao wakautumia katika reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, kwa kufuata desturi ya sehemu nyingi za Bara Hindi, walikotoa wafanyakazi na vifaa vingi. Reli ya Kati ilipoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilishika upana huo huo. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, mwendo wa kilomita 1,250 na zaidi kutoka pwani. Kutoka Tabora Wajerumani walikuwa wameanza njia nyingine ya kuelekea Ruanda, ndipo vita vikaikatiza. Mwaka 1916 majeshi yao yalipokuwa yakirudi nyuma yalibomoa madaraja, na mwezi wa Septemba mwaka huo Wabelgiji wakaingia Tabora.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika walirithi njia iliyojeruhiwa, pamoja na upana wake. Nchi ya Wasukuma iliyo kaskazini mwa Tabora ilikuwa na watu wengi na ng'ombe wengi, na pamba ilikuwa ikienea mashambani. Lakini robota za pamba ya Mwanza zilikuwa zikivushwa ziwani kwa meli hadi Kisumu, ndipo zikashuka kwa reli hadi Mombasa. Bidhaa ya Tanganyika ilikuwa ikitajirisha bandari ya nchi nyingine. Kwa sababu hiyo, pamoja na nyingine, njia mpya ilitandazwa kutoka Tabora kwenda kaskazini, ikapita Bukene na Isaka, ikafika Shinyanga, ikaendelea kwa Malampaka na Malya, na mwaka 1928 ikalifikia Ziwa Viktoria hapo Mwanza. Urefu wake ni karibu kilomita 380. Fundi wa mifano atakaye kuiunda yote katika kipimo chake cha 1 kwa 87, pasipo kufupisha hata hatua moja, angehitaji meza yenye urefu wa kilomita 4 na zaidi.

Kuhusu upana wa njia hiyo hapakuwa na la kushauriana. Njia ya tawi hufuata njia mama, kama kijito kinavyofuata mteremko wa mto. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Na mwaka 1928 samaki huyo alikuwa amekwisha kukauka zaidi ya miaka 20.

Kwa kuwa njia haikuweza kupanuliwa, akili yote ya wahandisi ilielekezwa kwenye injini. Magari ya moshi ya zamani ya Reli ya Kati yalikula kuni. Miti ilikatwa kandokando ya njia, magogo yakapangwa katika vituo, na wafanyakazi wakayapandisha kwa mikono katika behewa dogo la kuni na maji lifuatalo nyuma ya injini. Kuni ni nishati ya unyonge: huchukua nafasi kubwa, hutoa joto haba kuliko makaa ya mawe ya uzito ule ule, na cheche zake hurukia majani makavu. Tena nchi iliyo baina ya Dodoma na Shinyanga ni kavu kwa miezi mingi ya mwaka, na injini ya mvuke ina kiu kuliko ngamia. Palipokosekana maji, hata tanuri liwake namna gani, safari ilikwama.

Njia ya kwanza ya kuongeza nguvu ilikuwa kubadili umbo la injini lenyewe. Mhandisi Mwingereza Herbert William Garratt alibuni injini yenye seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, na katikati yake bwela, yaani pipa kubwa la kuchemshia maji, likiwa limeninginizwa kama machela baina ya wapagazi wawili. Injini za kwanza za namna hiyo ziliundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1909 kwa ajili ya kisiwa cha Tasmania. Hekima yake ilikuwa dhahiri. Uzito uligawanywa juu ya magurudumu mengi, reli nyembamba na nyepesi isiumie. Na kila seti iliweza kujipinda peke yake kwenye kona. Njia haikuongezwa upana, bali nguvu iliongezwa juu ya upana ule ule. Reli ya Tanganyika ilipata injini zake za Garratt mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Mageuzi ya pili yalikuwa ya chakula. Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na za Tanganyika chini ya shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na injini mpya zilizoagizwa katika miaka ya 1950 zilikuja zikichoma mafuta mazito. Injini ya kuni au makaa ikitakiwa kugeuzwa ili ichome mafuta, chanja ya chuma iliyobeba moto huondolewa, na chini ya tanuri hujengwa sakafu ya matofali yasiyoyeyuka. Mahali pa kuni huwekwa tangi. Mafuta hayo, ambayo yakiwa baridi ni mazito kama uji, hupashwa moto kwanza, kisha hupulizwa kwa mvuke mpaka yakawa ukungu, nao ukungu huo ndio uwakao. Mchochea moto aliyekuwa akiinama na kuinuka kutwa nzima akatupa magogo, sasa husimama mbele ya vali akitazama rangi ya moshi. Moshi mweusi humwambia kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa. Kwa kugeuza tangi na tanuri, kazi ya mtu iligeuka pia.

Mageuzi ya tatu yalikuwa ya dohani. Mhandisi Adolph Giesl-Gieslingen wa Austria alitengeneza dohani bapa, nyembamba ikitazamwa kutoka mbele na ndefu ikitazamwa ubavuni, ambayo ndani yake mvuke uliokwisha kutumika hutoka kwa matundu kadhaa yaliyopangwa safu moja badala ya tundu moja. Kwa njia hiyo moto huvutiwa hewa kwa nguvu, na injini haisumbuki kuutoa mvuke wake. Shirika la Afrika Mashariki lilikuwa miongoni mwa mashirika yaliyozipenda sana dohani hizo, likazifunga katika injini zake nyingi.

Mageuzi ya nne yalikuwa ya jina, nayo hayakuhitaji ufundi mkubwa ila bisibisi. Injini 29 za Garratt za aina ya 60, zilizoundwa Ufaransa na Uingereza na kuanza kazi mwaka 1953 na 1954, zilipachikwa vibao vya majina ya magavana na watawala wengine wa Kenya, Tanganyika na Uganda. Baadaye vibao hivyo vyote viling'olewa. Injini zenyewe ziliendelea kuvuta mizigo vile vile kama kwanza. Injini za aina nyingine zilipewa majina ya makabila, na zile kubwa kuliko zote, za aina ya 59, majina ya milima. Na majina hayo hayakumwudhi mtu.

Kwa hiyo fundi wa mifano aamuapo kuunda stesheni ya Shinyanga hana budi kwanza kuchagua mwaka. Akiweka magogo nyuma ya injini, amesema kwamba ni enzi ya zamani. Akiweka tangi la mafuta na dohani bapa, amesema kwamba ni zama za baada ya vita kuu ya pili. Aking'oa kibao cha jina la gavana, amesema kwamba utawala wa kikoloni umekwisha. Kila kipande cha bati anachokikata ni hoja ya kihistoria, na mjuzi akikitazama aweza kuikubali au kuikataa.

Lakini yako mageuzi mengine yaliyokusudiwa na ambayo hayakutimia. Injini kubwa za shirika hilo zilizobuniwa baada ya vita, zikiwamo zile za aina ya 59, ziliundwa kwa namna ambayo zingeweza kuhamishwa kutoka upana wa mita moja hadi upana wa milimita 1,067 pasipo kuundwa upya. Kila gurudumu lilitakiwa kusogea nje kwa milimita 33 na nusu tu. Kusudi lake lilikuwa wazi: iko siku reli za Afrika Mashariki zingeungana na reli za kusini, nayo injini iwe tayari kwa siku hiyo.

Siku hiyo ilikuja nusu. Kati ya mwaka 1970 na 1975, kwa msaada wa China, ilijengwa reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ilijengwa kwa upana wa kusini, kwa kuwa Zambia, iliyotaka kujinasua na njia zilizopita Rhodesia na nchi zilizotawaliwa na Wareno, ilikuwa na reli ya upana huo. Ikawa katika mji mmoja wa Dar es Salaam reli mbili zinaanza, na gari la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Injini zilizokuwa tayari kugeuzwa hazikugeuzwa. Mwaka 1977 shirika la pamoja lilivunjika, Tanzania ikaunda Shirika lake la Reli, na injini za dizeli zikaendelea kuchukua mahali pa zile za mvuke. Mwaka 1998 kilifunguliwa kituo cha Kidatu, mahali tawi la reli ya mita moja linapokutana na TAZARA, ili makontena yahamishwe kutoka behewa hadi behewa. Milimita 67, ambazo juu ya meza ya fundi hazionekani kwa macho, zilidai winchi, wafanyakazi na muda.

Kwa upande wa magharibi wa Shinyanga iko nchi ambayo haikupata reli ya upana wowote. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu wakati wa Wajerumani, na mgodi wake wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikafanywa mkoa. Mtu aweza kustaajabu kwamba pamba iliitiwa reli, na dhahabu, iliyo na thamani kubwa zaidi, haikuitiwa. Jibu limo katika mizani. Reli huitwa na uzito, wala haiitwi na thamani. Dhahabu ya mwezi mzima huchukuliwa na chombo kidogo. Hali kadhalika almasi za Mwadui, karibu na Shinyanga, ambazo mwanajiolojia John Williamson wa Kanada alizigundua mwaka 1940, zaweza kutiwa mkobani. Pamba ya kijiji kimoja tu hujaza mabehewa.

Hata hivyo jibu hilo lina upungufu. Mgodi hautoi dhahabu tu. Huingiza pia mashine, saruji, chuma na mafuta, nayo ni mizito. Tena watu wakaao kandokando ya mgodi wana mahindi, mihogo na mananasi yatakayo soko. Kwao ukosefu wa reli ulimaanisha barabara na kivuko. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, likaufunga mkono wa ziwa uliokuwa ukiwatenga watu wa Geita na Mwanza. Nchi iliyokosa reli kwa miaka 97 tangu gari la kwanza lifike Mwanza ilipata daraja la magari ya barabarani. Uamuzi wa mahali njia isipopita huishi muda mrefu sawasawa na uamuzi wa mahali inapopita.

Sasa upana umeanza kugeuzwa. Mwezi wa Januari 2021 ulitiwa sahihi mkataba wa kujenga reli ya milimita 1,435 kutoka Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 pamoja na njia za kupishana, na mwezi wa Juni mwaka huo jiwe la msingi likawekwa. Upande wa pwani, magari ya abiria ya reli hiyo mpya yalianza kwenda Morogoro mwezi wa Juni 2024 na Dodoma mwezi wa Julai. Huvutwa kwa umeme unaopita katika waya juu ya njia. Hapa pana mzaha mzuri wa historia: injini ya mfano, hata ile yenye sura ya mvuke, dohani na bwela, kwa muda mrefu imeendeshwa aghalabu kwa mota ndogo ya umeme iliyofichwa tumboni. Kile kilicho kidogo kilitangulia, na kikubwa kikafuata.

Lakini yafaa itazamwe kwa makini namna upana huo unavyogeuzwa. Reli ya zamani haikupanuliwa. Mataruma yake hayakung'olewa, wala injini zake hazikusogezwa magurudumu. Reli nyingine kabisa inajengwa karibu nayo, ikiwa na tuta lake, madaraja yake na stesheni zake. Kufikia katikati ya mwaka 2025 kipande cha Mwanza na Isaka kilikuwa hakijakamilika, na robota ya Shinyanga ilikuwa ingali ikitegemea upana ule wa mita moja uliochaguliwa na watu waliokwisha kufa zamani. Siku reli zote mbili zitakapofanya kazi, hapo Isaka, penye bandari kavu ya mizigo ya Rwanda na Burundi, milimita 435 zitawatenganisha majirani wawili. Swali litakalokuja si dogo: ile ya zamani itunzwe kwa ajili ya vituo vidogo ambavyo gari la kasi halisimami, au iachwe iote majani? Malya na Bukene zina haki ya kuuliza.

Liko na swali la kumbukumbu. Katika Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971, imehifadhiwa injini nambari 3020 iitwayo Nyaturu, ya aina iliyopewa behewa kubwa la maji kwa safari za nchi kavu. Imehifadhiwa pia 5918 iitwayo Mlima Gelai, na 5930 iitwayo Mlima Shengena. Wanyaturu ni watu wa Singida. Gelai iko karibu na Ziwa Natron, na Shengena iko Upare. Hivyo injini tatu zenye majina ya Tanzania hutazamwa na watoto wa Kenya. Si kosa la mtu. Injini za milima zilifanya kazi katika njia ya Mombasa na Nairobi, na mwaka 1977 kila upande ulibaki na kilichokuwa mkononi mwake. Lakini kijana wa Shinyanga atakaye kujua ni chuma cha namna gani kilichovuta pamba ya babu yake, akiwa hana nauli ya Nairobi, atabakiwa na picha, na hadithi za wazee waliofanya kazi relini, na pengine mfano mdogo ambao mtu mmoja mwenye subira ameuunda.

Fundi huyo, akiona amekosea upana, huchukua koleo, akang'oa misumari, akaanza upya kabla ya chakula cha jioni. Taifa halina koleo la namna hiyo. Likiisha kupigilia msumari wa kwanza, wajukuu watasafiri kwa upana ule, au watalipa gharama ya kuweka mwingine kando yake.